Mgeni Kabla ya Adui

Sosiot, Jumanne

Macho hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo mjukuu wangu Chebet ndiye aliyenisomea kamusi. "Hostile", yaani mwenye uadui. Mzizi wake wa Kilatini ulimaanisha mgeni kwanza, kisha adui. Nilifundisha Kiingereza maisha yangu yote bila kujua hilo.

Jioni Owino alibisha. Ni jirani yangu, mtu wa upande wa ziwa, mstaafu wa kiwanda cha majani chai. Hatujasalimiana tangu uchaguzi ule uliogombanisha kabila lake na letu.

"Mwalimu, nasikia unasafiri bila kuniaga!" Alimaanisha kufa; ugonjwa wangu unajulikana kijiji kizima.

Mama Chebet, mke wa mwanangu, alishika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akaniangalia. Kwetu ukishammiminia mtu maziwa, umempokea. Alingoja neno langu.

Nilitafuta hasira, sikuipata. Furaha pia hapana. Hakuna kitu ndani, na hilo linanitisha kuliko kufa.

"Mimina," nilisema.

Owino alikunywa, akakunja uso. "Bado kali."

"Hukuwahi kuipenda."

"Sikuwahi. Lakini niliikosa, ndugu yangu."

Nilimwambia tu aje tena kesho. Kama moyo utaamka au hautaamka, sijui, lakini aje.