Pilau Niliyoiandika kwenye Fomu

Ukunda, Jumanne, 1998

Mvua imekatika tangu asubuhi lakini jasho halikatiki, na mimi nina hasira mpaka kichwa kinanigonga.

Nimerudi kutoka ofisi ya baraza mikono mitupu. Leseni ya kibanda changu cha chakula, hapa njia ya kuingia Diani, bado. Ijumaa askari wa baraza wanapita, na asiyekuwa na karatasi atabomolewa. Watoto wangu watatu wanasomeshwa na hicho kibanda.

Safari hii fomu ina swali jipya: je, mwombaji alimchangia diwani yeyote wakati wa kampeni? Nikaandika ndiyo. Siku ya mkutano wa diwani wetu nilipika pilau, sufuria mbili kubwa, nikatoa na mikeka yangu. Huku kwetu mtu akiwa na shughuli wanawake hukusanyika wakapika, wala hakuna anayeuita mchango. Lakini fomu imeuliza, nami sikulelewa kusema uongo.

Nikiri basi. Sikupika kwa mapenzi matupu. Nilitaraji akishinda atanikumbuka.

Amenikumbuka kweli!

Karani, kijana wa bara mwenye adabu, amenieleza taratibu. Kwa kuwa nimeitaja pilau, diwani wetu haruhusiwi kukaa kwenye kikao kitakachojadili ombi langu. Wala madiwani wenzake, maana siku ile walikuja wote kumuunga mkono na wote walikula. Kwa hivyo hakuna wa kukaa kikao, na ombi langu limelala.

Bakari mwenye lori, aliyebeba watu wa mikutano kampeni nzima, yeye kwenye fomu yake ya kuomba kazi ya baraza ameandika hakutoa kitu. Amepata kazi ya kumwaga kifusi barabara za ndani huko Msambweni. Nimemkuta nje ya ofisi, akanisalimu vizuri, kisha akaniuliza nani aliyenituma kuandika mambo ya jikoni. Lori, eti, alimwazima rafiki tu. Nilitamani kulia pale pale.

Nilipokuwa naondoka karani akanifuata na fomu nyingine, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zuhura, andika hapana. Kesho asubuhi unapata leseni yako."

Fomu iko mezani tangu alasiri. Nimeitazama mpaka chai imepoa. Hapana ni neno moja tu, naweza kuliandika nikafunga kalamu. Lakini wanaume wazima walikula, wakaparua ukoko, wakaniambia mkono wangu una baraka. Leo niseme sikupika?

Siwezi.

Sasa nimeijaza. Ndiyo, pilau, sufuria mbili. Nimewaandika na waliokula, mmoja mmoja, kwa majina yao. Na penye nafasi ya maelezo zaidi nimeongeza: kuni zililetwa na lori la Bakari.

Kesho naipeleka mwenyewe. Ijumaa na ije.