Jina Lisilotangazwa

Buyenzi, Bujumbura, 3 Mei 2003

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hapa kwa mama mdogo Esha tu wazima, alhamdulillahi, ila milio ya bunduki tunaisikia kwa mbali.

Mama, kaa chini kwanza. Kaka Hakimu yu hai!

Karibu na shule kuna duka la intaneti. Niliandika tangazo kwenye ukurasa wa kutafutana ndugu, kama tunavyotangaza redioni: jina lake, la marehemu baba, la bibi Mariyamu, kovu la kisigino, kwamba kwetu ni Rumonge, na kwamba tulipotezana ufukweni tukikimbilia Tanzania mwaka wa tisini na sita. Juzi mtu anayejiita Cubaka alinijibu. "Kaka yako iko na mimi hapa Uvira," ameandika. Anamjua bibi kwa jina! Hata kovu analijua. Aliomba picha ili Hakimu aone nilivyokua, nikampelekea ile ya Idi, niliyopiga kichwa wazi, bila mtandio. Anataka nivuke mpaka wa Kongo peke yangu Jumamosi ya tarehe 17, na nisimwambie mtu, maana Hakimu alikuwa msituni na wapiganaji na anaweza kukamatwa. Wewe nimeshindwa kukuficha.

Binti yako,
Kaoutar

Rumonge, 6 Mei 2003

Kaoutar,

Wa alaykum salaam. Mgongo mzima, na hasira nazo nzima.

Nani kamwambia jina la bibi? Wewe! Nani kamwambia kovu? Wewe! Umeanika dagaa, ndege amekuja, nawe unashangaa amejuaje. Sisi tumezoea hivyo: mgeni akitaja majina ya wazee wako, ni ndugu, unamtandikia mkeka. Hapo ndipo alipokushika. Na huyo mwenye duka, anawafungulia watoto mashine bila kuwaambia kwamba upande wa pili yuko mtu wasiyemwona uso? Hana watoto yeye?

Usidhani sitaki iwe kweli. Mimi ndiye niliyemzaa Hakimu. Nilipofika pale "yu hai" niliangusha kopo la mawese, na soko zima likaniona nalia. Kama ni mwongo, amenichezea na mimi, na hilo simsamehe.

Sasa nisikilize. Hakimu hakuwahi kukuita Kaoutar. Alikuwa na jina lake la kukutania, na tunalijua sisi watatu tu. Usiliandike popote. Muulize Cubaka kaka yako alikuwa akikuitaje. Asipojua, huendi. Na barua hii mwonyeshe Esha leo hii.

Mama yako,
Mwavita

Rumonge, 20 Mei 2003

Mwanangu,

Amani iwe nawe, popote ulipo. Barua yangu nilimpa Jean-Pierre, dereva wa basi dogo, na njia ikafungwa siku ile ile. Wanasema magari yameshambuliwa karibu na Gitaza. Jean-Pierre hajarudi, na Jumamosi yako imepita.

Kila asubuhi naenda kituoni. "Mama, rudi nyumbani, njia iko imefungwa," wananiambia, nami nawatukana. Barua hii anayo Anastasie, anayekuja huko kwa boti ya dagaa. Nijibu, hata neno moja.

Mama

Buyenzi, 29 Mei 2003

Mama,

Shikamoo. Niko hai, niko kwa mama mdogo. Jean-Pierre alifika na barua yako Ijumaa jioni, kesho yake nivuke, gari limetobolewa risasi. Mfuko wangu nilikuwa nimeshaufunga.

Nilikukasirikia, Mama. Nilisema hutaki Hakimu arudi. Asubuhi nilimwuliza Cubaka swali lako ili nikuonyeshe umekosea. Akajibu, "Dada." Kisha, "Kipenzi." Kisha akasema Hakimu alipigwa kichwani, amesahau. Nilipomwambia siji, akageuka: picha yangu anayo, ataituma Rumonge aseme nilikuwa natafuta wanaume Uvira.

Natamani kuivunja ile mashine! Nimempoteza kaka mara ya pili. Mama mdogo amemfokea mwenye duka mbele ya wateja wote, lakini picha bado iko kwa yule mtu. Shuleni siendi tena. Akiituma, wewe utapitaje sokoni?

Binti yako,
Kaoutar

Rumonge, 2 Juni 2003

Binti yangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeibusu, kisha nikakasirika upya.

Nitapitaje sokoni? Kwa miguu yangu. Nakala ya picha ile ya Idi ninayo, na nimeitundika kwenye kibanda changu, juu ya mapipa ya mawese. Anayeuliza namweleza yote: tangazo, Cubaka, Uvira. Nimekwenda madrasa nikawaambia na wasichana. Shehe Aruna alitaka kunikatiza. "Shehe, niache nimalize," nikamwambia, "binti yako naye iko Bujumbura." Akaketi kunisikiliza. Sasa huyo mshenzi atume! Atamwonyesha nani picha ambayo Rumonge nzima imeshaiona?

Najua hutapenda. Kasirika, lakini kasirika ukiwa darasani. Aibu ni ya anayetisha watoto.

Hakimu tutaendelea kumtafuta. Nimepeleka tangazo jipya redioni: jina lake, mwaka, ufukwe, hayo tu. Bibi na kovu nimewaacha nyumbani. Na lile jina lako la utani naliita polepole nikiwa peke yangu nachuja mafuta, nisije nikalisahau. Atakayekuja kulitamka bila kuambiwa na mtu, huyo nitamfungulia mlango kichwa wazi.

Mama yako,
Mwavita