Kopo la Msumarini

Bladensburg, 4 Agosti 2002

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepoa. Sisi huku wazima. Anna ana miezi mitano, meno mawili, na anacheka kama wewe, mabega yanatangulia.

Mama, utacheka na wewe. Huku Marekani nako kuna ukame! Nyasi zimekauka rangi ya Same kabisa, na redioni wanatuomba tupunguze maji. Mwenye nyumba wetu, Mama Chelagat, Mkenya, anakaa juu yetu. Nikiingia kwenye shawa tu, anagonga sakafu na ufagio: "Mama Anna! Kwani huko chini unaosha ndovu? Funga hiyo maji!" Jana kamwambia Ombeni kuwa tusipojirekebisha mpaka mwisho wa Septemba, tutafute kwingine. Ombeni akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, nusu saa nzima unaosha nini?" Nikasema nywele.

Mimi niliyekua nikioga nusu ndoo, Mama! Hebu nieleze tena ulivyokuwa unatuogesha. Nimesahau.

Binti yako,
Edna

Same, 27 Agosti 2002

Mwanangu Edna,

Marahaba. Goti limepoa, linalalamika asubuhi tu. Mbuzi kazaa mapacha. Msalimie mkwe wangu, na hayo meno mawili yabusu kwa niaba yangu.

Unasema umesahau. Haya. Nusu ndoo, na lile kopo la siagi linaloning'inia msumarini. Kopo la kwanza unajilowesha, kisha hakuna maji tena mpaka povu limalize kazi yake: shingo, kwapa, nyayo. Makopo matatu ya kujisuuza, kuanzia kichwani, ili maji ya kichwa yaoshe na miguu. Unasimama ndani ya beseni. Yatakayobaki humo ni ya mchicha. Mtoto anaoga kwanza, mama baadaye.

Lakini nywele zako nazijua, nimezisuka mimi. Hazina kazi ya nusu saa. Ulipokuwa mdogo, ukitaka kulia ulikuwa unangoja mvua ipige bati ndipo unalia, ukidhani sisikii. Nilikuwa nasikia.

Edna, hayo maji unayafungulia nini?

Mama yako

Bladensburg, 6 Oktoba 2002

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisomea bafuni, maji nimeyafunga.

Ni kweli. Ombeni anaondoka alfajiri kwenda kutunza wazee wa watu, anarudi Anna kalala. Siku nzima sina hata wa kumwambia "we bwana wee". Niliogopa akinisikia nalia atasema nimeshindwa, anirudishe nyumbani. Ndiyo maana nikawa nafungulia maji.

Basi nikanunua ndoo na beseni. Kopo sikupata, nikachukua kikombe cha kupimia unga. Jumamosi nikamwogesha Anna, halafu mimi. Maji kidogo, povu, kimya. Mama, ndoo haina kelele! Sabuni ikanukia, matone yakawa yanaanguka kwenye beseni, nikajiona niko uani kwetu nyuma ya pazia la magunia, na wewe unaniita, "Edna, umeota mizizi humo?" Nikalia, na hapakuwa na cha kunificha.

Ombeni akaja mlangoni. "Edna, ni maji hayo au ni wewe?"

"Ni mimi."

Akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Akaniambia yeye hulilia kwenye basi, kiti cha dirishani, anajifanya ana mafua. Mafua ya miaka miwili, Mama! Tulicheka mpaka Anna akaanza na yeye. Habari ya kunirudisha hakuitaja. Kabadilisha zamu, Jumatano tunashinda wote.

Mwisho wa mwezi Mama Chelagat kashuka. "Mlisafiri? Mbona maji imenyamaza hivyo?" Nikamwonyesha ndoo. Alikishika kile kikombe cha unga, akakigeuza geuza. "Kwetu tulikuwa na ya bati," akasema, akakaa. Sasa Ijumaa yeye ndiye anamwogesha Anna, na maji ya beseni yanaenda kwenye sukuma wiki zake nyuma ya nyumba. Hatuhami tena.

Ila kikombe hiki hakijai mkono vizuri. Si kopo.

Binti yako,
Mama Anna

Same, 1 Desemba 2002

Mama Anna wangu,

Hatujambo, na vuli imenyesha kidogo. Barua hii anakuletea Method, kijana wa mchungaji, anakuja kusoma huko Fairfax. Ndani ya kitenge kuna kopo. Limebonyea pale ulipomtupia mbuzi, usilinyooshe.

Mimi naoga kwa kikombe cha chai, majirani wananicheka. Msumari nimeuacha pale pale, mtupu. Kila nikienda kuoga mkono unakwenda wenyewe, unakuta hakuna kitu. Ndipo nakumbuka liko wapi, na linammwagia nani maji.

Usimpe mtu aniletee. Njooni nalo, Anna alitundike mwenyewe.

Bibi yake Anna