Uliandika Barafu, Nami Nikapanda Gari

Wambui mwanangu,

Nakuandikia hapa kwenye kundi la simu la akina mama, wote wakisoma, kwa sababu wote walikucheka. Nina hasira, na mimi nikikasirika siwezi kunong'ona.

Unakumbuka mvua ya mawe ya kwanza tuliyoiona hapa Euless, karibu na Dallas? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilijificha bafuni nikiomba, wewe ukatoka na bakuli langu la unga, ukayakusanya yale mawe, ukayapima kwa rula ya shule. "Mama, hili linapita yai!" Nilikugombeza, kisha nikampigia simu kila ninayemjua Fort Worth nikamwambia nina mwanasayansi nyumbani. Nilikosea? Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu anayeandika utabiri wa hali ya hewa wa siku mbili wa Marekani nzima. Nzima! Mwenye wake kama huyo na aseme.

Wiki iliyopita, tukidhani baridi imekwisha, uliandika: mvua itakayoganda barabarani kuanzia Dallas kushuka kusini, Houston mvua ya kawaida. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili, nikaituma hapa. Ukanipigia pia: "Mama, kesho usitoke."

Lakini safari ya Missouri City, kule kule Houston, kumwona mtoto mchanga wa mwenzetu Shiro ilikuwa imepangwa. Njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, zimeiva, uji uko kwenye thamosi, nani ataahirisha? Asubuhi mwenyekiti wetu akapiga simu Houston, akaongeza sauti tusikie wote. "Huku ni mvua tu, njooni!" Akanigeukia: "Mama Wambui, huyo msichana wako anatabiria Alaska?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, yeye ana mtoto wa mawingu." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jamani! Houston ni mwendo wa saa nne. Mlimuuliza mtu aliye mwisho wa safari, njiani hamkuuliza mtu. Wambui alikuwa ameyaandika yote mawili, huku na kule, na mkasoma lile mlilolipenda.

Nami mwenye mdomo wote huu, siku hiyo nilifyata ulimi. Niliogopa kuambiwa najidai. Nikapanda gari, sufuria ya njahi mapajani.

Kabla ya kufika mji wa Corsicana, juu ya daraja, gari liliteleza, likazunguka, likatua mtaroni. Mwenyekiti alivunjika mkono. Njahi zilinifika mpaka kwenye nywele. Tukiwa bado humo ndani, simu yangu ikalia, ni wewe.

"Mama, uko nyumbani?"

"Niko kitandani, mwanangu, nakunywa chai."

Nilikusikia ukishusha pumzi. "Asante, Mama. Angalau wewe umenisikiliza." Ukarudi kazini kuwaonya watu wengine.

Maneno hayo yananichoma mpaka sasa. Halafu Jumapili mtu akasimama kanisani akashukuru kwamba utabiri ulikuwa wa uongo, Houston haikuona barafu. Wa uongo! Na mkono wa mwenyekiti uko kwenye plasta, amekaa kiti cha mbele! Nilitaka kusimama. Sikusimama, maana ningesimama ningelazimika kueleza nilijuaje hali ya ile barabara, na habari ingekufikia. Nikaacha uitwe mwongo ili mimi nisijulikane.

Basi leo nasema, na asiyetaka kusoma atoke kwenye kundi. Mwanangu hakukosea hata neno moja. Daraja liliganda pale pale aliposema litaganda. Mwongo wa siku ile ni mimi, mama yake.

Kasirika, Wambui. Una haki, na hasira hizo umezitoa kwangu, najua zinavyochukua muda. Ukizimaliza nipigie, uniulize tena niko wapi. Safari hii nitakwambia, hata kama jibu litaniaibisha.

Ubaki salama huko uliko, na ule vizuri.

Mimi mama yako, ambaye bado anaringa kwa ajili yako