Mafaili Niliyotaka Yachomwe

Jumamosi, mwezi wa sita. Songea.

Baridi imekaza tangu asubuhi. Milima ya Matogoro haikuonekana mpaka saa tano, na hata sasa nimevaa sweta mbili na bado natetemeka.

Nina aibu. Nimeahirisha kuiandika siku mbili, leo naiandika.

Tangu mwaka jana natafuta chuo cha kusomea shahada ya uzamili ya utunzaji wa nyaraka. Mimi ni ofisa wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, mafaili ndiyo kazi yangu. Kila Ijumaa nikitoka kazini naenda intaneti kafe pale Majengo, nasubiri ukurasa ufunguke taratibu, nanakili masharti ya vyuo kwenye daftari. Vingi niliviacha nilipofika kwenye ada. Mwisho vikabaki viwili. Kimoja kiko hapa hapa nchini, ada yake nafuu, msaada wao unafika nusu, na unasoma huku unafanya kazi. Cha pili kiko Ulaya, na kinalipia kila kitu mpaka tiketi ya ndege.

Nilichagua cha Ulaya. Cha hapa nchini sikukijazia hata fomu.

Walitaka insha: eleza kazi moja uliyoifanya kuokoa kumbukumbu zisipotee. Nikaandika habari ya masika ile upepo ulipong'oa bati za masjala na mafaili ya mipaka ya vijiji yakalowa chapachapa. Nikaandika kwamba nilifunga kamba ukumbini, nikaanika karatasi moja moja, nikazigeuza, nikazilaza katikati ya magazeti makuukuu mpaka zikakauka. Kiingereza kilinyooka. Niliisoma mara tatu nikajipenda.

Sikuwa mimi.

Alikuwa Mama Ngonyani, mhudumu wetu wa masjala, aliyeishia darasa la saba. Wiki tatu alikuja kabla ya jua kuchomoza na kuondoka wa mwisho, vidole vimebabuka kwa unyevu. Mimi mwenye digrii nilikwisha mwambia bosi kwamba mafaili yale yameoza, yachomwe tu. Bosi alikuwa karibu kukubali. Mama Ngonyani ndiye aliyepiga magoti, kweli alipiga magoti, akaomba aachiwe ajaribu.

Baadaye serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina lake lilibandikwa mlangoni pamoja na mengine. Sikusema neno la kumtetea. Siku anaondoka nilijifanya nina kikao.

Jumatano nilipata barua pepe kutoka Ulaya. Nimeingia kwenye orodha ya mwisho. Kimebaki kitu kimoja: barua ya mtu aliyeiona kazi ile kwa macho yake, hata kwa lugha yake mwenyewe, ila kwanza aisome insha na kuitia sahihi. Bosi wa wakati ule amekwisha fariki. Aliyebaki ni mmoja.

Kwa hiyo juzi, Alhamisi, nilikwenda mtaa wa Mfaranyaki, nyumbani kwa Mama Ngonyani. Nilimkuta kibarazani na cherehani yake, anashona sare za shule.

Nilisema shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitikia marahaba kana kwamba tuliachana jana, akaniita Vero mwanangu, akanipa kiti chenye mto na yeye akahamia kwenye kigoda. Alifurahi kusikia nataka kusoma. Aliniomba nimsomee insha kwa Kiswahili.

Nikasoma. Na nilipokuwa nasoma, kila palipoandikwa nilifanya, mimi nikasema tulifanya. Tulifunga kamba. Tulianika. Tuligeuza. Sikupanga kufanya hivyo. Mdomo ulijiendea wenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba karatasi, akavaa miwani, akaanza kuipitishia kidole mstari kwa mstari.

"Vero," akasema, "hiki kijiti kinachosimama peke yake, si ndiyo 'mimi' ya Kizungu?"

Nikaitazama cherehani.

"Miaka ishirini na mbili nimebeba mafaili yenye Kizungu. Kukisoma sijui, lakini kijiti hiki nakijua. Wakubwa wote walikuwa wanaanza nacho." Akahesabu kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. "Mbona viko vingi hivi? Na mimi niko wapi hapa?"

Ningeweza kusema ni desturi ya Kiingereza. Uongo huo ulinijia, nakiri, ulifika mpaka ulimini.

Nikasema, "Mama, hupo. Nimekutoa."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinikunjia karatasi yangu vizuri, akanirudishia.

"Hii siwezi kuitia sahihi, mwanangu. Ukiandika nyingine, niandike. Lakini andika na ile ya kusema yachomwe. Niliisikia. Nilikuwa mlangoni na chai yenu."

Akarudi kwenye cherehani. Sikujua niage vipi, nikaondoka bila kuaga, kwa mara ya pili.

Jana nilikwenda Majengo nikawaandikia watu wa Ulaya ukweli wote, na wa kuchoma pia. Nilibonyeza kutuma kabla sijausoma tena, maana nilijijua. Leo mchana nimerudi kafe nikakuta jibu, mistari minne. Wananishukuru kwa kusema, na wameliondoa jina langu.

Nilidhani nikisema ukweli nitajisikia mwepesi. Sijajisikia mwepesi. Nimejisikia kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake, akaivua, na sasa kasimama pale watu wakimtazama.

Hata hivyo sikutoka kafe mikono mitupu. Nimechapisha fomu za chuo cha hapa nchini, na insha mpya nimeianza kwa jina la Mama Ngonyani. Nusu nyingine ya ada sijui nitaitoa wapi, hilo nitalitafuta. Kwanza itabidi nirudi Mfaranyaki nikamsomee, na safari hii nisome kilichoandikwa.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani alisikia habari ya Jumatano, amekwisha watangazia watu kwamba naenda Ulaya, na kesho wanakuja kusali nyumbani kwangu kushukuru. Mume wangu amebandika maharage sufuria mbili, anaimba huko jikoni. Hata yeye sijamwambia.

Nikimaliza kuandika hapa naenda kumwambia. Kesho nitasimama mbele ya wengine kabla ya sala kuanza, maana wakianza kunishukuria nitanyamaza, najijua.

Kuimba kumekoma. Ananiita nikaonje chumvi.