Mkono wa Fedha Ulioko Aroi

Koboko, mvua za kwanza. Mwaka wa thelathini na moja tangu nivuke mpaka.

Ezama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha pekee tuliyokuwa nayo baina yetu, mimi Mkakwa wa ng'ambo na wewe Mlugbara wa Aroi. Najua ungesema nini: "Mzee, Kiswahili yako iko na tai." Basi leo kimevaa tai kwa ajili ya msiba.

Mazishi yako yalijaa watu, yakajaa na aibu. Wewe uliyechora sura za nusu ya Arua kwenye mabango ya saluni hukuacha picha yako hata moja. Mkeo akaleta mbele ya jeneza alichokuwa nacho: ile miungu ya kale ya Ireland uliyoichora kwa agizo la padri mzee wa huko, naye akarudi kwao kabla hujaimaliza. Akaipanga ukutani, na katikati akaweka yenye sura yako. Hakujua kwamba yule ni Balor, ambaye jicho lake likifunguka watu hufa. Hukuwahi kuchora kitu kisichokuwa mbele ya macho yako, na kwa Balor hakuna aliyekubali kukaa, ndipo ukajitazama kwenye kioo. Mchungaji alikuombea pumziko huku akimtazama Balor. Nyuma yangu mwanamke alimwonyesha mwenzake Dagda, baba wa miungu, mwenye chungu kisichoisha chakula: "Wewe, huyu si ule muzee wa nguruwe iko hapo steji?" Wakacheka mpaka wakaziba midomo kwa leso. Nami nilicheka. Ulistahili.

Mimi nilikuwa Nuada.

Ni mimi niliyekusomea kitabu cha padri, unakumbuka? Mfalme Nuada alikatwa mkono vitani, watu wake wakamnyang'anya kiti, kwa kuwa mfalme lazima awe mzima mwili wote. Nilifika hapo nikakifunga kitabu. Nikakuambia hata kwetu ni hivyo hivyo: anayekalia kiti cha ukoo humchinja kondoo wa kuombea mvua kwa mikono yake miwili, mmoja umeshika pembe, mmoja kisu. Wangu wa kulia ulibaki njiani, kwenye bomu la ardhini, siku tuliyokimbia vita. Kidonda kilikuwa hakijakauka, kiti kikawa cha binamu yangu.

Hukunipa pole. Ulisema: "Mzee, kaa hapo kwa mwanga. Na funga mdomo, mungu gani iko na meno kama hiyo?"

Mganga alimfulia Nuada mkono wa fedha, kisha fedha ikaota nyama, naye akarudi kwenye kiti chake. Ulihitaji mkono wa kulia wa kuutazama, na mimi sikuwa nao. Ukalaza wako wa kulia juu ya meza, ukauchora kwa wa kushoto, uliokuwa wa kazi. Fedha hukuichora ing'ae kama kijiko. Uliifanya ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Hata ule ukucha wa dole gumba, uliopigwa na nyundo ukawa mweusi, uliuweka. Nilipoiona picha nilificha kigutu changu mfukoni. Nilimwonea aibu mtu wa kwenye picha.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu ufe.

Binti yako alizipiga picha zile kwa simu, akazituma kwa watu. Simu kwa simu, mimi nikafika Yei, ng'ambo ya mpaka, kwa ukoo wangu. Binamu yangu alikuwa amekufa, kiti kiko wazi. Kwenye kioo kidogo cha simu hakuna aliyeona kwamba ni rangi tu. Walimwona mtu wao, amezeeka, ana mikono miwili. Walisema madaktari wa Uganda siku hizi wanaweza kila kitu.

Wakanipigia: "Jiandae. Tunakuja kukuchukua."

Sikuuliza kitu. Niliamini wamelegeza mila kwa ajili yangu. Ezama, nilimpa jirani kuku wangu wote. Nilimwachia na shamba la muhogo. Nilinunua viatu.

Walikuja kwa njia ya Kuluba, mjomba wangu wa mwisho aliye hai na wazee wawili, kondoo amefungwa nyuma ya boda. Nilitoka nimewanyooshea mkono. Mjomba akatazama mkono wa shati langu uliokuwa mtupu, kisha akatazama chini, kana kwamba nimeangusha kitu.

"Umeukata tena?" aliniuliza.

Niliwatolea ile picha yenyewe, niliyopewa na mkeo baada ya mazishi. Mmoja akaukwangua ule mkono kwa ukucha, akanusa kidole, akacheka mpaka akaketi. Wakanywa chai yangu. Hawakuuliza marehemu mke wangu amelala wapi. Mjomba alipoinuka alisema, "Mwanangu, umetuchosha." Wakamfunga kondoo tena. Alilia mpaka kwenye kona ya barabara, na ndiye pekee aliyelia.

Jirani hajarudisha kuku. Anasema baadhi ameshawala.

Unajua kinachoniuma? Hukudanganya. Ulichora tu ulichokiona, na ulikiona vizuri kuliko wote. Ungekuwa fundi mbovu, leo ningekuwa bado nangoja kuitwa. Miaka yote hiyo nilikula kungoja kama chakula, wewe ukakimaliza kwa brashi moja.

Binti yako anataka kuufuta ule mkono, ananionea huruma. Nimekataa, na hii ndiyo ahadi yangu kwako: hautafutwa. Siku yangu ikifika, picha itasimama mbele ya jeneza langu hapa Koboko, na mgeni aliye nyuma atanong'ona kwamba mzee alikuwa mzima mwili wote. Nimewaagiza wanangu wasimsahihishe.

Kaa huko vizuri, ndugu yangu, na jicho lako lifumbe. Mkono uliotakiwa kunipeleka nyumbani uko chini ya udongo wa Aroi, na ukucha wake mweusi.

Sitarudi.