Mvua Niliyoifuta

Jumamosi, Bigwa. Ukungu umeifunika milima tangu asubuhi. Afadhali. Leo sitaki kuitazama.

Juzi niliwasilisha kazi yangu chuoni: vipimo vya mvua za Uluguru vya miaka mingi, na mstari unaoonyesha zinavyobadilika. Dokta, msimamizi wangu, alisifu. Wenzangu wakapiga makofi. Nilifurahi kupita kiasi.

Sasa niseme ukweli. Kwenye mchoro wangu kulikuwa na nukta moja, kipimo cha siku moja, iliyokaa juu peke yake, mbali na nyingine zote, ikiuvuta mstari wangu na kuupindisha. Tumefundishwa kwamba nukta ya namna hiyo huchunguzwa kwanza. Huenda kipimo kilikosewa, huenda sivyo. Mimi nilikuwa nimechoka. Nikaifuta.

Leo asubuhi, nikiandika maelezo ya mchoro, ndipo nikaangalia tarehe yake.

Ni siku aliyokufa Mjomba.

Mvua ya siku ile, kule Kinole milimani, ndiyo iliyoporomosha udongo juu ya nyumba yake, nami nikiwa sekondari. Mjomba ndiye aliyekuwa akinisomesha, kwa ndizi na pilipili manga zake. Nilipochagua kusomea tabianchi nilimwambia Mama kwamba ni kwa ajili ya kaka yake. Halafu nikaifuta mvua iliyomuua, eti inaharibu mchoro.

Nilimpigia Dokta.

"Kipimo kilikuwa na kasoro?" aliuliza.

"Hapana, Dokta. Sikuangalia."

"Basi Jumatatu utasimama mbele ya wenzako, uwaeleze wewe mwenyewe."

Hilo nimelistahili. Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Mama. Nilimkuta uani akichambua mchicha, nikamweleza yote, bila maneno ya chuo. Aliendelea kuchambua bila kuniangalia.

"Kwa hiyo kwenye hesabu zako, siku ile mvua haikunyesha?"

"Ndiyo, Mama."

Alijifuta mikono kwa kanga. "Mimi bado naisikia," akasema, akaingia ndani.

Bora angenigombeza.

Nukta nimeirudisha. Mstari umepinda, na yale matokeo niliyosifiwa hayapo tena. Ya Jumatatu nitayakabili. Aibu ya darasani huisha.

Ila Mama hajatoka chumbani hadi sasa. Mtu anaanzaje kuomba radhi kwa jambo kama hili?

Sijui. Nafunga kompyuta, naenda kugonga mlango wake.